Mepo ya Kijapani na Upepo wa Ufipa

Bonsai ni sanaa ya kukuza mti halisi ndani ya chombo kifupi cha udongo kwa miaka mingi, mkulima akipogoa matawi na mizizi na kuelekeza matawi hayo kwa waya wa shaba au wa alumini, hadi mti wenye kimo cha sentimita 30 au 60 upate umbo la mti mkongwe wa porini bila kudhoofika kiafya. Sanaa hiyo ilianzia China, ambako huitwa penjing, kisha ikavuka bahari hadi Japani, na huko ndiko zilikokomaa taratibu zinazofuatwa leo katika sehemu nyingi za dunia. Miongoni mwa miti inayopendwa zaidi na wakulima wa bonsai ni mepo ya Kijapani, ambayo kwa jina la kisayansi ni Acer palmatum: jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, na kabla ya kupukutika hugeuka kuwa jekundu, la rangi ya machungwa au la dhahabu. Picha za wekundu huo ndizo humvuta mtu anayeanza, na ndiyo maana wengi wanaoishi katika nchi zenye jua kali na kiangazi kirefu hutaka kujua kama mti huo unaweza kuishi kwao.

Kwa mkazi wa Sumbawanga swali hilo lina kasoro tangu mwanzo. Mji huo uko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, juu ya uwanda wa Ufipa, katika mwinuko unaokaribia mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na joto lake la mchana, hata mwezi wa Oktoba, mara chache hufikia ukali wa joto la Dodoma au Tabora. Joto la kweli la Mkoa wa Rukwa liko chini ya kingo za uwanda huo, kwa maana upande wa mashariki ardhi inaporomoka kwa takribani mita 1,000 kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa hadi Bonde la Ziwa Rukwa, na upande wa magharibi inateremka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 tu juu ya bahari. Huko mpakani na Zambia Mto Kalambo unaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Kwa hiyo mtu wa Muze bondeni au wa Kasanga ziwani anakabiliwa na tatizo la joto, ilhali mtu wa Sumbawanga anakabiliwa na tatizo la aina nyingine, ambalo ni gumu zaidi kulitambua kwa sababu hali ya hewa ya mji wake inafanana kidogo na ile ambayo mepo inaihitaji, lakini haiifikii.

Mepo ya Kijapani ni mti wa milima ya Japani na Korea, ambako hukua chini ya kivuli chepesi cha miti mikubwa. Aliyeupa jina la kisayansi ni Mswidi Carl Peter Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyekaa Japani mwaka 1775 na 1776 baada ya kukusanya mimea kwa miaka mitatu katika Rasi ya Tumaini Jema, hivyo aliijua mimea ya kusini mwa Afrika kabla ya kuijua mepo. Jenasi ya Acer, yaani ukoo mdogo wa miti ambamo mepo hiyo imo, ina spishi zaidi ya 100 zilizoenea Asia, Ulaya, Amerika ya Kaskazini na hata milima ya Afrika ya Kaskazini, lakini hakuna hata moja iliyo asilia kusini mwa Jangwa la Sahara. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya mkulima asite, maana milima mirefu haikukosekana katika Afrika ya Mashariki. Kilichokosekana juu ya milima hiyo ni majira ya baridi.

Mti wa nchi zenye majira manne huishi kwa mzunguko wa kuamka na kulala. Siku zinapofupika na baridi kuanza, mti huvunjavunja umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua, na kurudisha virutubisho vyake kwenye shina na mizizi. Wakati huohuo majani hutengeneza anthosiani, rangi nyekundu inayodhaniwa kuyakinga na mwanga wakati kazi hiyo ya kuhamisha chakula ikiendelea, kisha hupukutika. Baada ya hapo vichipukizi huingia katika hali ya ubwete, ambamo havikui hata vikipata maji na joto, mpaka vipitie wiki nyingi za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Wataalamu wa miti ya matunda huuhesabu muda huo kwa saa, nao huuita saa za baridi. Saa hizo zisipotimia, mti haufi papo hapo, bali huchelewa kuchipua, huchipua matawi machache na kuyaacha mengine makavu, na kila mwaka hutumia akiba ya chakula ambayo haikurudishwa, hadi mwaka wa tatu au wa nne ambapo mkulima huanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Ufipa ina baridi, na mgeni atokaye Dar es Salaam mwezi wa Juni hulazimika kununua sweta. Hata hivyo baridi hiyo ni ya usiku: kipimajoto hushuka hadi karibu nyuzi 10, pengine chini ya hapo katika mabonde ambamo hewa baridi hutuama, lakini ifikapo saa sita mchana jua limekwisha kuirudisha hewa juu ya nyuzi 20, na joto la mchana kama hilo hufuta sehemu ya baridi iliyokusanywa usiku. Isitoshe, mepo husoma pia urefu wa siku. Katika mji wa Tokyo siku ndefu kuliko zote huizidi fupi kuliko zote kwa karibu saa tano, ilhali Sumbawanga tofauti hiyo haifiki saa moja, kwa hiyo ishara ambayo mti huo umeizoea kwa maelfu ya vizazi haipatikani kabisa. Wakulima wa matufaha wanalijua tatizo hili vizuri. Njombe, ambako baridi ni kali kuliko katika maeneo mengi ya Tanzania, tunda hilo hustawi zaidi kwa aina zisizohitaji baridi nyingi, kama ile iitwayo Anna iliyozalishwa Israeli, na huko Batu katika kisiwa cha Java wakulima huyang'oa majani yote ya mtufaha kwa mikono baada ya mavuno ili kuulazimisha mti uchipue bila kupata baridi. Mtufaha wenye mizizi iliyoenea ardhini huvumilia adhabu hiyo. Mepo iliyo katika chombo chenye kina cha sentimita 6 haina akiba ya kuivumilia kila mwaka.

Tatizo la pili ni upepo. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hukatika Ufipa, hewa hukauka, na pepo za kusini mashariki huvuma juu ya uwanda bila kizuizi, kwa kuwa sehemu kubwa ya Ufipa ni nyasi tupu. Kwa nini uwanda huo una miti michache ni swali ambalo wanahistoria na wanaakiolojia wamelijadili kwa muda mrefu, wakitaja moto wa kila mwaka, kilimo, na pia ufuaji wa chuma, ambao kwa Wafipa ulifanyika katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyokula mkaa mwingi na ambayo mabaki yake yamechunguzwa kwa kina na mwanaakiolojia Bertram Mapunda. Sababu iwe ipi, jani la mepo ni jembamba na lina ngozi laini, na linapopigwa na upepo mkavu hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, hivyo ncha na kingo zake huungua na kuwa za kahawia hata kama udongo ni mbichi. Mkulima anayeona kuungua huko kwa kawaida huongeza maji, na maji ya ziada huozesha mizizi, na mizizi iliyooza hushindwa zaidi kupandisha maji. Mepo nyingi zinazosemekana kufa kwa ukame zimekufa kwa njia hiyo.

Kwa yule ambaye bado anautaka mti huo, kazi inawezekana kwa kiasi, na mahali pa kuanzia ni kuchagua spishi. Mepo ya Kichina iitwayo Acer buergerianum, yenye jani la ncha tatu, huvumilia joto na ukavu kuliko ile ya Kijapani, na wakulima wa bonsai wa Afrika ya Kusini wameipenda kwa sababu hiyohiyo. Mti uwekwe upande wa mashariki wa nyumba au wa ukuta, upate jua la asubuhi hadi saa nne au saa tano na kivuli baada ya hapo, na pawe na ua au kitalu cha neti ya kivuli cha kuvunja upepo. Udongo wa bonsai si udongo wa shamba, kwa kuwa katika chombo kifupi udongo laini hushikamana na kuyazuia maji yasitoke. Wajapani hutumia akadama, chembe za udongo wa volkano zilizokauka. Sumbawanga, mji uliojengwa kwa matofali ya kuchoma, vipande vya matofali hayo vikivunjwa na kuchekechwa hadi ukubwa wa milimita 2 hadi 5 hufanya kazi karibu sawa, vikichanganywa na mawe mepesi ya volkano yanayopatikana upande wa Mbeya na Rungwe, pamoja na mboji kidogo. Mboji ya kutosha ipo katika ntumba, yale matuta ya duara ambamo Wafipa hufukia nyasi ili zioze kabla ya kupanda, lakini isizidi sehemu moja kati ya tano, kwa sababu kuanzia Novemba hadi Aprili tatizo hugeuka na chombo hicho hicho kilichokuwa kikikauka kwa nusu siku huanza kujaa maji ya mvua. Maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo bora kwa kumwagilia, kwa kuwa mepo hupenda uchachu kidogo na huchukia chumvi. Maji ya Ziwa Rukwa, ambayo ni ya magadi, hayafai hata kidogo.

Wapo watu wa nchi za joto wanaoingiza bonsai yao kwenye jokofu kwa wiki nane au kumi ili kuipatia usingizi bandia, na njia hiyo hufanikiwa endapo majani yamepukutika kwanza na udongo haukauki humo ndani. Ni njia ya gharama, na umeme ukikatika kwa siku mbili mti huamka gizani. Kusema kweli, mti unaoishi kwa kutegemea jokofu umekwisha kuacha kuwa mti wa mahali unapokaa, na hapo ndipo linapozuka jambo ambalo wapenda bonsai wa Afrika ya Mashariki hawajalipa uzito wake.

Wekundu unaotafutwa kwenye mepo upo Rukwa tayari. Kila mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, wakati ardhi imekauka na mvua bado iko wiki kadhaa mbele, misitu ya miombo inayofunika miteremko ya uwanda na kuenea kuelekea Nkasi, Kalambo na Mkoa wa Katavi huvua majani ya zamani na kuchipua mapya, na majani hayo machanga huwa ya rangi ya divai, ya waridi, ya shaba na ya kahawia iliyowaka, kisha hubadilika kuwa ya kijani kwa muda wa wiki chache. Rangi yenyewe hutokana na anthosiani, ileile ya mepo, ila katika mepo hulikinga jani linalozeeka na katika miombo hulikinga jani changa ambalo halijapata umbijani wa kutosha. Miti hiyo, hasa ya jenasi Brachystegia, ambamo umo mtundu, na ya jenasi Julbernardia, huchipua bila kusubiri mvua kwa kutumia maji yaliyohifadhiwa katika shina na yale ambayo mizizi yake mirefu huyafikia chini kabisa. Kwa maneno mengine, ratiba yake ya kulala na kuamka imepangwa na kiangazi, nacho Ufipa hakikosi kufika, tofauti na theluji.

Hili halimaanishi kwamba mwombo ni mti rahisi wa bonsai. Mche wake hutumia miaka ya mwanzo kujenga mzizi mkuu unaokwenda chini moja kwa moja, huku sehemu ya juu ikifa kwa ukame au moto na kuchipua tena mara kadhaa, na mzizi wa namna hiyo haukubali kukunjwa ndani ya sahani. Pia mizizi ya miti hii huishi kwa ushirika na kuvu, viumbe vinavyoizunguka na kuipatia fosfati na maji, navyo vikapata sukari kutoka kwenye mti. Uyoga mwingi unaookotwa na kuuzwa kando ya barabara mvua zinapoanza ni zao la kuvu hao hao, na hiyo ndiyo sababu baadhi ya aina za uyoga huo hazioti penye shamba lililofyekwa miti yote. Mkulima anayeng'oa mwombo na kuuosha mizizi kwa maji, kama vitabu vingine vya bonsai vinavyoelekeza kwa miti ya aina nyingine, huwa ameutenga na nusu ya uhai wake.

Njia inayoelekea kufaa ni ya polepole. Mzizi mkuu hupunguzwa kwa misimu miwili au mitatu badala ya siku moja, sehemu ya udongo wa msituni huachwa imeshikamana na mizizi na kiganja kimoja chake huchanganywa katika udongo mpya, na kazi ya kuhamisha hufanywa mwishoni mwa Agosti vichipukizi vinapoanza kuvimba, kabla majani hayajafunguka. Visiki vilivyochipua upya baada ya kukatwa kwa ajili ya mkaa vinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa vina shina nene chini na matawi machanga juu, umbo ambalo mkulima anayeanza na mbegu hulingoja kwa miaka 15 au zaidi. Ukubwa wa jani nao una maana, kwa sababu jani pana huharibu udanganyifu wa umri na ukubwa ambao bonsai yote imejengwa juu yake; hapo spishi iitwayo Brachystegia microphylla, yenye vijani vidogo sana na inayopenda kuota kwenye miamba, ina nafasi nzuri kuliko mtundu, ijapokuwa mtundu ndio wenye rangi kali zaidi.

Asiye na subira ya namna hiyo aanze na mitini ya porini, yaani jenasi ya Ficus, ambayo hukubali karibu kosa lolote. Mizizi yake hupenda kuonekana juu ya udongo, majani hupungua ukubwa kadiri mti unavyopogolewa, na tawi lililokatwa huchomekwa likaota. Baridi ya Juni huuchelewesha tu. Kwa anayetaka ndugu halisi wa mepo, upo mkaa pwani, Dodonaea viscosa, ambao wanasayansi wa leo wanauweka katika familia moja na mepo, ile ya Sapindaceae, na ambao licha ya jina lake hustawi hata kwenye nyanda za juu zenye mawe na upepo. Vitunda vyake vina mabawa mekundu, na huko Hawaii hutengenezwa bonsai nzuri kutokana nao. Chini bondeni, Muze au Kasanga, mepo isijaribiwe kabisa, na badala yake mkwaju na mbuyu vipewe nafasi.

Kuhusu umbo, si lazima mti wa Rukwa uvikwe sura ya Kijapani. Charles Ceronio wa Afrika ya Kusini alieleza mitindo iliyotokana na miti ya Afrika yenyewe, ukiwemo mmoja aliouita kwa jina la mchoraji Jacobus Hendrik Pierneef, aliyefariki mwaka 1957 na ambaye picha zake zimejaa migunga yenye kichwa kipana kama mwavuli. Upo pia mtindo wa mbuyu. Mwombo mzima una umbo lake mahususi, matawi yakipanda kwa pembe kali kutoka chini kisha kutandaza majani juu kwa tabaka nyepesi, na umbo hilo hupatikana kwa kupogoa zaidi kuliko kwa waya.

Sheria nazo zina la kusema. Mche au mbegu ya mepo kutoka nje huhitaji kibali na cheti cha afya ya mimea chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, na kisiki cha msituni, iwe katika Msitu wa Hifadhi wa Mbizi juu ya Sumbawanga au katika msitu wa kijiji, hakichukuliwi bila idhini ya Wakala wa Huduma za Misitu au ya serikali ya kijiji husika. Mbegu za mtundu ndizo zinazopatikana kwa urahisi: maganda yake hupasuka yenyewe mwishoni mwa kiangazi na kuzirusha mbali na mti. Hazidumu sana ghalani kwa sababu ya wadudu, kwa hiyo hupandwa mvua za kwanza zinapoanza, pamoja na udongo wa chini ya mti mama, katika mfuko mrefu wa kitalu unaouachia mzizi nafasi ya kushuka, na chombo kifupi husubiri hadi shina lifikie unene wa kidole gumba.